Wimbo Uliokatizwa Kwenye Kinu

Nilikuwa nanunua maharagi sokoni Walikale wakati muuza nyimbo alipofungulia spika yake. Mwimbaji alisifu kiuno cha mpenzi wake, kisha ngozi yake nyeupe. Mama wawili waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa kufuata mdundo wakasimamisha michi hewani.

"Huyu anasifu bibi yake ao sabuni?" mmoja akauliza.

Mwenzake, mweusi wa kung'aa, akaanza kutwanga na kuimba: "Mimi mweusi, na sombe yangu njo tamu!" Soko zima likaitikia.

Muuza nyimbo akazima spika, akatoa simu. "Mama, rudilia, nirekodi."

"Shika muchi kwanza, papa."

Muuza nyimbo akatwanga, jasho likimtoka. Kila anayemwimba mwanamke angepitia kwanza kwenye kinu, tungekuwa na nyimbo chache, na sombe ya kutosha.