Mtandao Ukikatika, Wewe Bado Umo

Siku ya kwanza nilimbana mama mwenye duka la intaneti anipunguzie bei. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema taratibu, "Bei ni ile ile, kaka." Kila mteja akiinuka, yeye huinamia kompyuta, macho ameyakwepesha asisome ya watu, akafuta vidakuzi, zile alama ambazo tovuti huziacha humo ili ikutambue ukirudi. Niliona ni usumbufu mtupu.

Siku moja nilikuwa namwandikia muuzaji wa vitambaa bei yangu ya mwisho, mtandao ukakatika. Nikainuka, mama alikuwa ameshakimbilia nyaya kabla ya kufuta vidakuzi vyangu. Mshindani wangu sokoni akakalia kiti changu. Mtandao uliporudi, alifungua tovuti ya barua pepe asome zake, zikaja zangu. Mama akaziba kioo kwa kiganja, akamwambia, "Inuka, bosi."

"Si mtandao ulikatika?" nikauliza.

"Ulikatika, lakini wewe hukutoka kwenye akaunti. Tovuti bado inakujua."

Mshindani akafoka, "Nafukuzwa kama mwizi? Basi hata wafanyakazi wangu wanaokuja hapa hutawaona tena!" Na kweli hawakurudi. Mimi nilipata vitambaa kwa bei niliyotaka, kwa kuwa mshindani hakuwahi kuisoma. Mama alipoteza wateja wa ofisi nzima, na hakunilaumu hata kwa neno moja.