Kitovu cha Espoir na Mji Uliohama

Enzi zetu, sisi watoto wa Kivu ambao ukimbizi ulitutupa kwenye mji wa machimbo ya chuma kaskazini kabisa mwa Sweden, theluji ilikuwa theluji. Leo hapa Black Rock, mtaa wa Buffalo huku Marekani, mwanangu anaona vumbi jeupe dirishani, anauliza kama shule imefungwa. Sisi Desemba jua halikuchomoza kabisa. Tulikwenda shule gizani, tukarudi gizani, kamasi zimeganda, na mama akatupikia fufu ya unga wa viazi, maana muhogo ulikuwa ndoto. Watoto wa sasa wanaletewa sombe, kisamvu chetu, kutoka maduka ya Grant Street na bado wanalilia piza.

Baba aliendesha mashine ya kupakia mawe chini ya ardhi. Miamba ikilipuliwa, vikombe vilicheza kabatini, nasi tulijivunia. Kisha barua ikaja: mgodi umefika chini ya mtaa wetu, ardhi inapasuka, mji utahamishwa. Mama akamgeukia baba kwa Kiswahili chake cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa: "Donc ni weye unachimba nyumba yetu?" Kule Kivu madini yalitufukuza kwa risasi, huku yalitufukuza kwa barua, kahawa na keki za mdalasini. Baba alikula tatu.

Tatizo lilikuwa kitovu. Mdogo wangu Espoir alizaliwa kulekule, na kitovu chake kilipodondoka mama alikizika nyuma ya nyumba, kama desturi yetu, ili mtoto awe na kwao. Kwenye mkutano wa wakazi, mabwana wa kampuni walieleza watakavyolibeba kanisa la mbao zimazima juu ya magurudumu. Mama akasimama. "Bon. Kanisa munabeba. Na kitovu ya mutoto wangu?" Mimi, mkalimani wa miaka kumi na miwili, nilitamani kufa. Bwana mmoja aliandika kwa heshima zote, akauliza kina uzito gani.

Hawakuja kukichukua. Baba akachukua sururu. Mtu aliyeshuka kila siku chini kabisa ya mlima alishindwa na futi moja ya udongo ulioganda, mama anamzomea, sisi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Tulihama Machi. Udongo ulipolegea, Juni, tulirudi na sururu, tukakuta wameshaweka uzio na nyumba imebomolewa. Mama aliushika uzio ule akalia, na safari hiyo hatukucheka.

Vijana wa siku hizi wanahama kwa kuchoshwa tu. Mimi nilifuata mke Buffalo. Espoir akaja Columbus, akachoka, sasa yuko Louisville anafanya kazi kwenye ghala, na juzi kaniuliza kodi za nyumba za North Buffalo. Vitovu vya wanangu sijui hata viliishia wapi. Nadhani gari la taka lilivizoa, na wao wala hawaulizi.

Nilimpigia mama kumlalamikia kwamba mtoto wake hatulii mahali.

"Umuache," akasema. "Kwao balishapachimba."