Ridhaa ya Mtani Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini Tabora, Matroni hakunipa sindano wala kipimajoto. Alinikabidhi beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa, akaniagiza niwaoshe miguu wagonjwa wote wa wodi ya wanaume, kisha nimweleze nilichokiona kwenye nyayo zao. Mimi binti wa Kizaramo kutoka Kisarawe, nimehenya chuoni hadi nikawa muuguzi, nikanuna waziwazi.

"Nuna, lakini osha," alisema Matroni. "Sisi weusi, melanoma hutuanzia mahali jua lisipofika."

Melanoma ni saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Kwetu mara nyingi huanza kama baka jeusi chini ya unyayo, lisilouma, na mwenye mguu hudhani ni mwiba wa zamani. Isipokatwa mapema hupanda hadi kwenye mitoki ya kinena, na ikifika huko huenda itakako.

Nilihamishiwa Nzega, kwa wachimbaji wa dhahabu na wakulima wa pamba, kisha Igunga kwa wafugaji, na kila kituo niliwavua watu viatu. Walinivumilia kwa sababu ya utani. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wetu Wazaramo tangu enzi za misafara, babu zao walipobeba pembe hadi pwani. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kuku wako hadharani, na wewe ukacheka.

Niliporudishwa Tabora, tayari nina mvi, ukaja utafiti wa chanjo. Haikuwa chanjo ya kumkinga mtu asiugue, kama ile ya surua. Hii alipewa mtu aliyekwisha kuugua na kukatwa uvimbe, ili mwili wake ujifunze kuitambua saratani na kuishambulia ikirudi. Ilikaa kwenye jokofu la baridi kali, na umeme ukikatika sote tulikimbilia jenereta. Ila hakuna aliyejua kama inafaa. Ndiyo maana nusu ya wagonjwa walichomwa chanjo na nusu maji ya chumvi, na aliyechagua ni kompyuta. Kwa hiyo kila mgonjwa alielezwa yote kwanza, akubali kwa hiari yake. Hiyo huitwa ridhaa, na kazi ya kuiomba nilipewa mimi.

Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Kulwa, mfugaji wa Igunga, aliyekuwa ametoka kukatwa kisigino.

"Shikamoo, mpagazi wangu," nilimsalimia.

"Marahaba, mtumwa wangu. Ngoma zimeisha kwenu hata umekuja kuosha miguu ya watu?"

Nikaanza kumweleza utafiti. Sikufika mbali, akanyoosha dole gumba. "Lete wino, mtani. Si wewe umeomba?"

Siku chache baadaye Mtafiti Mkuu, daktari bingwa wa saratani, aliniita ofisini. "Sista, vituo vingine wapo wanaokataa. Kwako hakuna hata mmoja. Kwa nini?"

Nikacheka. "Hawa watani wangu, Daktari. Mtani akiomba hanyimwi."

Yeye hakucheka. Alivua miwani akaiweka mezani. "Basi hawajaikubali chanjo. Wamekubali utani."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia daktari kwamba Mzee Kulwa akitoka kwenye utafiti saratani itamrudia, na nikamuuliza kama ni yeye daktari atakayekwenda kumzika.

"Inaweza kumrudia hata akibaki," alijibu taratibu. "Waulizwe upya wote, na wewe usiwepo."

Aliyewauliza ni Koku, muuguzi kijana kutoka Bukoba, asiye na utani nao. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango nikimwomba Mungu. Wengi walikubali tena. Kisha nikasikia sauti ya Mzee Kulwa: "Kumbe naweza kukataa? Basi nakataa, mwanangu. Mvua zinakaribia, na ng'ombe wangu hawana mtu wa kuwaangalia kila nikija Tabora kuchomwa sindano."

Alitoka na magongo yake, uso umemchangamka. "Mtani, leo nimekunyima!"

Nilicheka naye, kisha nikaenda nyuma ya stoo nikalia.

Alirudi baada ya mavuno. Mtoki wa kinena ulikuwa umevimba kiasi cha kumzuia kutembea, ikabidi apasuliwe apate nafuu. Watafiti walihitaji vinyama vya uvimbe kama ule, wavisome ili watengeneze chanjo nzuri zaidi. Sikuthubutu kumwambia. Yeye ndiye aliyeniuliza kitakachotolewa kitapelekwa wapi.

"Kitachomwa moto."

"Hakina kazi tena?"

Nilibabaika. "Kwa watafiti kina kazi, mzee wangu."

"Mwite yule binti wa Bukoba anieleze. Wewe mtani, toka nje."

Nikatoka. Safari hii sikusikia kitu. Mlango ulipofunguliwa, Mzee Kulwa aliniinulia dole gumba lililojaa wino. "Kinyama changu sikukupa wewe," alisema. "Nimekitoa mwenyewe."

Sasa nimestaafu, nalima karanga jirani na Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, na vijana wa uuguzi huja kuniuliza kama ile chanjo ilifaa. Nawaambia nilichokiona: baadhi ya waliokuwa kwenye utafiti bado tunasalimiana sokoni, wengine nimewazika, na wataalamu bado wanaendelea kupima. Kama Mzee Kulwa angepona kwa kubaki, sijui, na kutokujua huko kunaniuma hadi leo. Lakini ningekuwa kazini kesho, ningemwita Koku tangu mwanzo.

Msibani kwake Igunga nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa katambuga zake, zile ndala za tairi, nikachechemea mbele ya waombolezaji huku nikiwatukana ng'ombe kwa sauti yake, hata mjane akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha nikaondoka nazo, na hakuna aliyenizuia. Ziko hapa mlangoni kwangu. Hizo sikuziombea ridhaa.