Banzai wa Daraja Mbili

Jumapili tulimzika Ekerenyo, kando ya migomba yake, fundi cherehani ambaye soko zima la Daraja Mbili lilimwita Banzai. Msomaji uliyewahi kushonewa suruali pale unamkumbuka: mrefu, mkimya, futi ya kupimia shingoni. Neno alilitoa Burma, alikopelekwa kupigana na Wajapani, na sisi tukaligeuza mzaha. Mtu akikujia kwa hasira, tulisema amekuja kibanzai. Siku moja nikamwuliza maana yake. Akasimamisha cherehani. "Mwanangu, mateka mmoja alituambia ni miaka elfu kumi. Wanamwombea mfalme wao aishi. Walikuwa wanakuja wakipiga kelele hiyo, na sisi tunawapiga risasi. Vijana kama wewe. Mfalme wao yuko hai mpaka leo." Baadaye nilisoma kwamba Wajapani nao waliliazima kwa Wachina, waliomtakia mfalme wao hayo hayo. Siku ile fundi alisema hayo tu, akarudi kwenye pindo la sketi ya shule.

Ndipo nilipoelewa yaliyompata kwenye harambee moja, uhuru ukiwa bado mchanga. Chifu wetu alikuwa na desturi yake: mgeni mkubwa akishuka garini, sharti umati uinuke, mikono juu, useme "Aishi! Aishi!" Fundi aliinuka, akapiga makofi, mdomo akaufunga. Chifu akamwona. "Wewe omogaka, mzee mzima, umejishona mdomo?" Mzee akajibu, "Chifu, mgeni nimemsalimia. Lakini hiyo ya aishi niliisikia mahali. Siwezi." Wiki haikuisha, kibanda chake kikapewa shemeji ya chifu. Tangu hapo alishonea nje, na mvua ya Kisii mnaijua. Kwa koti lake aliifunika mashine, mwenyewe akalowa. Kamati ya soko ilijua, wazee wa kanisa walijua. Mwenye nguvu mpishe, wakasema, wakampisha. Kifua kilichomuua kilianzia pale.

Na Jumapili chifu yuleyule akaja mazikoni na mheshimiwa wake. Udongo haujajaa kaburini, akatuinua: "Aishi!" Watu wakaitikia, wengine jembe mkononi. Mjane alibaki ameketi, akilitazama shimo. Nina uchungu, wala siufichi. Wasomaji wangu, mkiamriwa kumwombea mtu mmoja uhai mrefu, tazameni kwanza ni nani anayezikwa.