Nyevu na Mng'ao wa Jina la Ruwa

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili. La, nakosea. Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kuta za Bofu, huku Likoni, zilijaa nyuso za wagombea. Wakati wa habari hii nyuso zilikuwa zimeshapauka, wengine wamebaki masikio tu. Basi ni ishirini na tatu, msimu wa kusi, manyunyu asubuhi na jua la kuchelewa.

Nyevu alikuwa na kibanda cha kupiga chapa nyuma ya nyumba ya Mama Dama. Ujuzi aliupata Changamwe, kwenye kiwanda kilichochapa majina ya kampuni juu ya kalamu na vifungulio vya chupa. Kiwanda kilipofungwa alipewa mashine moja kuukuu iwe ndiyo haki yake, akaivusha feri kwa mkokoteni. Watu wakamuuliza kama anakwenda kukamua miwa. Alizunguka nayo Likoni nzima hana pa kuiweka, mpaka Mama Dama akamwambia, "Weka hapo kwa kuku, kuku watahama." Tangu hapo wakaishi kama mama na mwana.

Mimi miguu yangu haitulii nyumbani, na pale palikuwa na chai, kwa hiyo kazi yake nimeitazama sana. Kuna bamba lililochimbwa picha. Linapakwa wino, wembe unapangusa wa juu, unabaki wa mashimoni. Halafu inashuka pedi laini, umbo lake kama kiazi kilichokatwa, inalibusu bamba, inainuka na picha tumboni, inakwenda kuukalia mpira. Yeye siku hizo alichapa mipira ya gofu, ya mahoteli na ya klabu za huko kusini. Mpira wa gofu una vidimbwi mwili mzima, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Pedi ikiwa ngumu, herufi zinaruka mashimo.

Kilichomsumbua ni mng'ao. Wateja wanapenda chapa inayometameta, naye alikuwa na kopo dogo la unga wa kung'aa aliloletewa na binamu yake kutoka Dubai. Anauchanganya na vanishi. Ukizidi, chapa inakuwa rangi ya bizari. Ukipungua, haionekani. Ukiacha kukoroga, unazama wote chini, unachapa vanishi tupu. Alihangaika nao muda mrefu, na kopo likawa linakwisha.

Ndipo akaja Morgan, mkubwa wa makedi, wale wabeba fimbo za wachezaji. Mwenzao Ruwa alikuwa amefariki mwanzo wa mwaka. Ruwa huyo ni mdogo wake Mama Dama, tumbo moja.

"Tumeomba uwanja Jumamosi, tunamchezea mchezo wa kumbukumbu," Morgan akasema. "Kila mpira uwe na jina lake. Nalo ling'ae, dada. Ruwa hakuwa mtu wa kufifia."

Safari hiyo Nyevu alianza kwa kuchapa rangi ya kahawa, nyepesi, akaiacha ikauke kidogo, kisha juu yake akapitisha ule unga. Ukiugeuza mpira, RUWA ni dhahabu. Ukiugeuza tena, ni kijani, kama shingo ya njiwa. Nyevu aliugeuza mpira ule juani mpaka nzi akafa kwenye chai yake.

Siku ya Alhamisi mipira yote ilikuwa imepangwa kwenye trei za mayai ikikauka, Mama Dama akaingia kutafuta ungo wake. Kusoma anasoma, ya kanisani yanamtosha. Akainama.

"Hili si jina la ndugu yangu?"

"Ndilo, mama. Makedi wanamheshimu."

"Limependeza. Na hiyo Jumamosi mipira hii inafanywa nini?"

"Inachezwa."

"Inachezwaje?"

Nyevu akanitazama. Mimi nikatazama mlango.

"Inapigwa, mama."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa zile fimbo za chuma."

Mama Dama akakaa juu ya ndoo. Asiyejua desturi za huku ataona ni jambo dogo. Kwao Wamijikenda maiti hajaenda mbali. Akikerwa anakuja ndotoni kuuliza, na mwenye kuulizwa ni jamaa yake. Nyevu ni wa huko huko, na hakulifikiria hata kidogo, maana siku zote anachapa majina ya mahoteli, na hoteli haioti wala haiotwi.

Wakampigia Morgan simu, sauti ikafunguliwa tusikie wote.

"Mama, hiyo ni heshima," Morgan akasema. "Dunia nzima wanafanya."

"Huko duniani hawana wafu? Nikifa mimi kesho mtaniandika kwenye mchi, mnitwange kwa heshima?"

"Lakini mama..."

"Akija kuuliza haji kwako, Morgan. Nyumba yako haijui. Anakuja kwangu."

Morgan akasema Jumamosi haiwezi kusogezwa, uwanja ni wa wenyewe. Aamue mwenye mashine.

Sasa Nyevu alikuwa amebanwa. Hewa ya kusi ina maji, wino ulikuwa haujakaza, kwa hiyo jina lingefutika kwa spiriti. Lakini lilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya, na unga uliobaki koponi ulikuwa wa kuchapa mara moja tu, tena kwa kubana. Binamu alikuwa amesharudi kwao kutoka Dubai, unga mwingine hautoki popote.

"Nikiweka duara la dhahabu juu ya jina, mama?"

"Utakuwa umemfunika shuka, halafu anapigwa."

Nikacheka, nikaona nimecheka peke yangu.

Nyevu akavuta kopo la spiriti na kitambaa. "Basi niambie wewe. Nichape kitu gani ambacho kikipigwa hakuna atakayeulizwa?"

Mama Dama akafikiri. "Nyoka," akasema. "Nyoka hupigwa hata Jumapili. Tena Ruwa aliwaua wengi uwanjani huko, wachezaji wamepanda juu ya viti."

Nyevu akachora nyoka kwa wino mweusi juu ya plastiki angavu, akailaza juu ya bamba jipya, akangoja jua la saa sita likaze kote isipokuwa chini ya wino, akaliosha, nyoka akabaki shimo. Kufuta majina alikufanya peke yake, mlango umerudishwa. Hakutaka msaada.

Jumamosi Morgan alikuja kuchukua trei, akamgeuza nyoka mmoja mkononi. Unga ulikuwa mchache. Nyoka alimeta, lakini ile shingo ya njiwa haikuwepo. Morgan akasema ni mzuri. Walicheza, walimpiga nyoka mpaka jioni, na Mama Dama alikwenda akakaa kivulini akiwahimiza wapige kwa nguvu.

Jumatatu nilimkuta Nyevu mlangoni anasugua wembe wa mashine. Nikakaa. Nikamuuliza, "Mwanangu, yale majina ulifuta yote?"

Akasema, "Sogea, babu, unaniziba jua."

Nikasogea. Nikamuuliza tena: yote?