Barabara ya Angani kwa Chaki

Fundi cherehani, jirani yangu hapa Nyamirambo, Kigali, mwanamke wa rika langu, huchora kwa chaki kwenye meza ya kukatia ile barabara ya angani ya mchezo wa video wa mbio za magari. "Katika toleo la kwanza ilikuwa duara tupu," humwambia binti yangu Gaju. "Katika la pili ikazunguka mwezi. Siku hizi imekatika hapa, lazima uruke." Hufuta kwa kiganja, kisha huanza upya bila haraka. Nyumbani Gaju hunijibu neno mojamoja. Jana, pale kwa fundi, niliomba nami nicheze, gari langu likatumbukia nje ya barabara mara tatu. "Mama Gaju, huko angani hakuna kamera za mwendokasi kama hapa mjini, kanyaga mafuta!" fundi akanitania. Gaju alicheka mpaka akaangukia bega la fundi, ingawa mimi ndiye niliyekaa karibu naye zaidi.