Betri Chini ya Kitanda cha Minza

Kampuni ya umma ilipobinafsishwa, mafundi wa karakana yake pale Sumbawanga walilipwa kiinua mgongo kwa vitu, kwa kuwa fedha ilikuwa imetangulia kubinafsishwa. Bundala, fundi wa matrekta, alipata karavani: kijumba cha bati chenye magurudumu mawili, kilichoachwa na wazungu wa barabara. Akafa masika yaliyofuata. Ndugu zake wakaja kutoka Shinyanga, wakachukua ng'ombe, wakamwalika mjane naye arithiwe. Minza akasema hapana, kwa sauti ya mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. Karavani hawakuigombea, haikamuliwi.

Akahamia humo. Msibani hakulia, na waliolia walilijadili sana jambo hilo. Njaa ilimpita, usingizi ulimpita. Kilichobaki kumfikia ni baridi tu, na baridi ya Ufipa mwezi wa sita haimkosi mtu.

Mpango wake ulikuwa karavani ivutwe na trekta hadi mnadani Mpui, auze chai na vitumbua penye taa na redio. Ndipo akamwita Urbano, fundi wa umeme wa magari, Mfipa wa Mwimbi, aliyekuja na betri mbili za lori.

"Mfipa kushika umeme," Minza akasema, "huo si ufundi, ni mambo ya ukoo."

"Na Msukuma kulala ndani ya tela ni maendeleo, mtani. Zamani ungelichunga."

Urbano alitaka Minza ajifunze mwenyewe, maana yeye Mpui hatakuwepo.

"Vua pete, Mama Kashinje," akamwambia Minza. "Ikigusana na vichwa vya betri itakuivia kidoleni."

Pete ikatoka bila ubishi.

"Waya mwekundu ni moto, yaani chanya; mweusi ni bodi, yaani hasi. Kufunga, moto kwanza, bodi mwisho. Kufungua, unageuza: bodi kwanza. Ukikosea, spana ikagusa bati, utaiona ile radi mnayotusingizia Wafipa."

Akaweka fyuzi karibu na betri, akazifunga betri kwa mipira ya tairi zisirukeruke njiani, akazifungia ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mwisho akatoboa sanduku na ukuta kwa keekee, hadi nje.

"Hili tundu ni pua yake. Betri ikichajiwa inapumua, na pumzi yake inawaka."

Minza akaitikia. Lakini huku juu hakuna anayefundishwa kuziba tundu, mkono hujifanyia. Mgeni huweza kusukumia kitambaa kwenye ufa wa dirisha kabla hajamaliza kusalimia. Urbano alipoondoka, upepo ukamgusa Minza miguuni, naye akasokomeza kipande cha kanga tunduni. Kisha akaunganisha chaja aliyoachiwa kwa umeme wa jirani, akaiacha.

Kesho yake mchana Urbano alirudi kuchukua keekee aliyoisahau. Alipofungua mlango alikutana na harufu ya yai viza. Minza alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mafuta ya taa, kiberiti mkononi.

"Mama Kashinje, usiwashe."

"Nakutengenezea chai."

"Usiwashe. Toka nje."

Akatoka, na kiberiti chake. Urbano akakimbia kwa jirani kuzima umeme, akarudi kufungua madirisha, akachomoa kanga.

"Nani kaziba?"

"Baridi."

"Ungelipuka, mama! Wewe, karavani, na kuku wa watu!"

Minza akakitazama kiberiti. "Ningesikia?"

"Usingesikia kitu."

Akalifikiria jambo hilo kwa muda ambao Urbano hakuupenda. Lilikuwa halina usumbufu, na tangu masika alikuwa hajapata kuahidiwa lolote lisilo na usumbufu. Urbano akanyoosha kiganja. Minza hakuelewa mara moja. Kisha akampa kiberiti. Akaingia ndani, akasimama mbele ya tundu. Upepo ukampiga miguuni kama jana.

"Zitoke," akasema.

"Nini?"

"Betri. Zipeleke mbele, juu ya ule mkono unaofungwa kwenye trekta. Zijengee sanduku, zipumue huko zinavyotaka. Hapa pazibwe. Mimi silali na upepo."

"Waya utarefuka."

"Urefuke."

Urbano akaenda kuupima ule mkono kwa futi kamba. Akaona ni wajibu wake kumwambia kwamba betri nayo haipendi baridi. Ikilala nje Ufipa, asubuhi inaamka dhaifu.

"Zitazoea," Minza akasema, akaenda kutafuta mbao.